Njia ya Kulifikia Kasha la Bluu

Shuleni kwetu vitabu vimetengwa kwa rangi, kama nguo zinazosubiri kufuliwa. Kila darasa lina makasha ya plastiki, la njano, la bluu, la kijani, na mtoto haruhusiwi kugusa kasha lisilo la rangi yake. Vitabu haviendi nyumbani. Rangi hutolewa na Bi. Vandersloot, mshauri wa usomaji, anayekuja kutoka ofisi ya wilaya kila Jumatatu na kahawa yake na saa ya kupimia muda. Mtoto humsomea hadithi fupi kwa sauti, huisimulia upya, kisha hujibu swali la mwisho: hadithi hii inakukumbusha nini katika maisha yako? Asiyekumbushwa kitu hapandi rangi. Bi. Vandersloot anasema utafiti umethibitisha jambo hili. Niliwahi kumwomba huo utafiti, akaniletea bango la kubandika ukutani.

Maren Tollefsrud aliingia darasa langu la tatu mwezi Novemba, baba yake alipopata kazi kwenye machimbo ya chuma. Katika miaka yote niliyofundisha hapa kaskazini mwa Minnesota sijapata kuona mtoto wa umri wake anayesoma vizuri kama yeye. Kama kila mgeni, akawekwa kwenye njano, pamoja na vitabu vya bata wanaotafuta kofia zao.

Ndani ya kasha la bluu alikiona kitabu alichokiacha katikati kwenye shule aliyotoka. Mbwa wanakokota gari la barua juu ya ziwa lililoganda, na barafu imepasuka chini ya mbwa wa mbele. Hapo ndipo alipolazimika kukirudisha na kuhama. Alitaka kujua jambo moja tu, kama yule mbwa alitoka.

Ningempa siku ileile. Lakini nilikwisha kuandikiwa onyo kwa kumpa mtoto mwingine kitabu cha rangi isiyo yake, na mwalimu mkuu, mtu anayeiogopa wilaya kuliko anavyoogopa moto, alikuwa akiyakagua makasha mwenyewe. Maktaba ya mji imefungwa tangu theluji iangushe paa lake. Nilimweleza Maren yote hayo kama yalivyo, nikajitolea kumsimulia mwisho. Akaziba masikio.

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa hadithi ya dubu aliyepoteza skafu. Aliisoma bila kosa, akaisimulia kwa mpangilio mzuri kuliko mwandishi wake. Kisha akaulizwa inamkumbusha nini.

"Hainikumbushi kitu," alisema. "Sijawahi kuwa dubu."

Bi. Vandersloot aliandika kwamba mtoto anasoma maneno bila kuyaishi. Mwezi uliofuata akampa dubu yuleyule, akapata jibu lilelile.

Wenzake hawakuwa na shida hiyo. Darasa langu limejaa waongo waliohitimu vizuri. Corwin Pruitt, ambaye hawezi kutofautisha kichwa cha habari na tangazo la sabuni, alishafika kijani kwa kumuua bibi yake mara tatu. Bibi huyo ndiye anayemshusha getini kila asubuhi, akiwa na afya njema na sigara mdomoni. Bi. Vandersloot huwa hayuko getini.

Niliwasikia Corwin na Maren wakiwa kwenye foleni ya chakula.

"Wewe nawe, unajitesa bure," Corwin alimwambia. "Ua bibi."

"Bibi yangu yuko Fargo. Bado anacheza mchezo wa boling."

"Na wangu je? Si ndiye kaniwekea hii sandwichi? Muue tu, bwana. Ukifika kwenye jeneza tazama chini. Bi. Vandersloot mwenyewe atachukua kitambaa cha machozi."

"Huo ni uongo."

"Haya, kaa na bata zako."

Lakini jioni ile Maren, kama mama yake alivyonieleza baadaye, aliuliza mezani ni nani katika ukoo wao aliyekufa, na alikufaje. Wakamtajia wengi.

Mtihani wa tatu ulifanyika nami nikiwa chumbani, nikisahihisha. Dubu akapoteza skafu. Swali likaulizwa.

"Inanikumbusha baba yake babu," Maren alisema. "Alizama ziwani na farasi wawili."

Bi. Vandersloot aliweka kalamu chini. Aliuliza, kwa sauti ya hospitali, ni kitu gani hasa katika hadithi kilichomkumbusha.

"Naye hakupatikana."

Kila neno lilikuwa la kweli. Mtu yule alizama mwaka 1931, lakini hilo halikuulizwa. Maren alipewa bluu papo hapo, pamoja na kumbatio ambalo alilivumilia akiwa amenyoosha mikono kama anayepimwa nguo.

Kesho yake jina lake lilifika kwa mnasihi wetu mpya, Bi. Ostrander, aliyekuwa ameanzisha kikundi cha watoto wenye huzuni na alikuwa na upungufu wa watoto wenye huzuni. Kikundi hukutana kila siku katika nusu saa ya kusoma kimya. Hivyo Maren alikuwa na ruhusa ya kukisoma kitabu na hakuwa na wakati wa kukisoma. Alikwenda mwenyewe kumweleza Bi. Ostrander kwamba marehemu alikufa kabla hata babu hajajua kutembea. Akajibiwa kwamba huzuni haina kalenda, akapewa dubu wa kitambaa.

Nilizisoma kanuni upya. Zinakataza vitabu kwenda nyumbani, lakini hazisemi lolote kuhusu chumba cha mnasihi. Nikamwekea kitabu ndani ya sweta yake.

Ijumaa Bi. Ostrander alikuja mlangoni kwangu akiwa amefurahi mno. Maren alikuwa amelia. Wakati wengine wakichora mioyo, yeye aliinamisha kichwa chini ya meza na kulia mpaka mabega yakatikisika. Hayo, alisema, ndiyo mafanikio makubwa ya kikundi tangu kianze, na angeomba Maren abaki kikundini hadi Juni.

Nilimkuta Maren akivaa viatu vya theluji.

"Walikata kamba ya yule mbwa, Mwalimu," alisema. "Wangeweza kumvuta, ila barua zingelowa."

Alifuta pua kwa glavu, akauliza kama kuna kitabu cha pili. Nilimwambia kipo, kwenye kasha la kijani.

Alimaliza kufunga viatu vyote viwili.

"Shangazi yake bibi alipigwa na radi," alisema. "Bi. Vandersloot anakuja lini?"

"Jumatatu," nilisema.