Mstari Mwekundu Mbele ya Roshani

Nilikuwa nimepiga magoti, nikibandika ukanda wa pili wa tepu nyekundu sakafuni, Himid alipokuja akitambaa na kuketi kando yangu. Ukanda wa kwanza ulikuwa hatua mbili kutoka mlango wa roshani, ukuta hadi ukuta. Wa pili nilitaka ukae ubavuni mwake ili mstari uonekane mnene. Tepu ikaisha katikati.

Kitasa cha mlango ule kilikuwa kibovu. Ukiusukuma kwa kiganja unafunguka, na nje ni ghorofa ya nane, na nafasi kati ya chuma na chuma cha kizuizi inatosha kichwa cha mtoto wa miezi kumi na moja. Najua inatosha kwa sababu niliipima kwa bakuli lake la uji. Fundi wa jengo alikuwa amesema "inshallah" mara tatu juma lile. Nilisogeza kochi mlangoni, Himid akapanda kochi, nikaliondoa. Nikafunga kishikio kwa kipande cha leso. Lakini leso hufunguliwa na kila anayetaka kuanika taulo, kwa hiyo nilitaka mtoto mwenyewe ajue mahali pa kuishia.

Kazi hii sikuisomea. Nililea wadogo zangu Malindi, kisha watoto wa nyumba mbili hapa ughaibuni, mtaa wa Al Mankhool, na nilichojifunza nimekiandika kwenye daftari. Mpaka mmoja kwa wakati mmoja. Kwanza unashuka chini mpaka mtoto aone uso wako. Unanyoosha kiganja, unasema "basi" mara moja, kwa upole, unamgeuza, unampa kitu anachoruhusiwa. Jiko lilituchukua siku tisa. Soketi, siku sita. Hii ilikuwa siku ya nne ya roshani. Himid alikuwa ameufikia mstari mara kumi na moja, na mara saba alisimama mwenyewe.

Ila akisimama hakunitazama mimi. Alitazama kamera.

Madam Ummulkheir aliipachika juu ya rafu, nyeupe, ndogo kama chungwa, ili amwone mwanawe akiwa kazini mtaa wa Deira. Ilikuwa na spika. Madam, ambaye wazee wake walitoka Unguja zamani na Kiswahili hawakukiacha, alipenda kunisaidia. "Himid! Basi, baba!" Sauti hutoka ukutani, na mtoto huganda.

Nilikuwa nimemwambia. "Madam, kwetu mtu akiitwa na asiyemwona, haitiki. Anangoja amwone."

Alicheka sana. "Ah, we Mahfudha! Mie mamaake, si jini wala popobawa!"

Sikubishana naye. Na kweli mtoto alikuwa akisimama.

Kengele ikalia. Nikampa Himid sufuria na mwiko, nikaenda kufungua. Alikuwa Yekoniya, mlinzi wa jengo, Mganda, ameniletea tepu mpya niliyomwagiza.

"Da Mahfudha, unajenga barabara humo ndani?"

"Mpaka."

"Eh! Basi mwambie huyo afisa mdogo viza yangu imebakiza wiki mbili, asinirudishe Jinja."

Nikacheka. Nyuma yangu nilimsikia Himid akigonga sufuria. Tulisimama pale dakika moja, labda mbili.

"Himid. Njoo."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, kutoka sebuleni. Yekoniya alinitazama mdomoni.

"Ni kamera," nikamwambia. "Madam huyo."

"Njoo, baba. Njoo."

Hapo ndipo nilipofikiri. Katika kamera ile Madam alikuwa na neno moja tu, basi. Njoo hakuwahi kuisema. Na sufuria ilikuwa imenyamaza.

Nilipofika sebuleni, leso ilikuwa sakafuni. Nje taulo la Sir, mume wa Madam, lilikuwa likipepea. Alilianika asubuhi, akairudishia leso kilegelege. Mlango ulikuwa wazi upana wa mtoto, na joto la nje lilikuwa likiingia. Himid alikuwa kwenye mstari, mkono mmoja juu ya wekundu, uso umeinuliwa kwa kamera.

"Njoo."

Sauti ililitamka polepole, vile ninavyotamka mimi.

Neno "basi" lilinijia mdomoni nikalirudisha. Nikilisema nikiwa nyuma yake, na mimi nitakuwa sauti tu. Nilipita kandokando ya ukuta bila kukimbia, nisimshtue, nikaingia kati yake na mlango. Nikapiga magoti. Nikangoja mpaka aliponiona, ndipo nikanyoosha kiganja.

Alinitazama. Akatazama kamera. Akainua mkono kutoka kwenye tepu, na sikujua atauweka upande gani.

"Njoo, Himid."

Akakaa kitako. Akanyoosha kiganja chake kidogo, kama ninavyofanya mimi, si kwangu, kwa ukuta.

"Ba," akasema.

Nilifunga mlango, nikafunga leso mafundo matatu, nikampigia Madam nikiwa nimempakata mtoto.

"Madam, ulikuwa ukizungumza na Himid?"

"Mie? Nipo mkutanoni tangu saa nne, simu naitoa mkobani sasa hivi. Kuna nini?"

Nilimweleza kwa mpangilio, bila kuongeza kitu.

"Kwa Kiswahili?" akauliza.

"Kwa Kiswahili, Madam."

"Neno la siri la ile kamera sijawahi kulibadili," alisema taratibu. "Lakini mtu gani huyo, Mahfudha, anajua kuwa namwita baba?"

"Sijui."

"Ichomoe. Nakuja."

Niliichomoa, taa yake ya buluu ikazimika, nikaitia kwenye droo. Yekoniya alikuwa bado mlangoni, kofia mkononi.

"Dada, mimi nilidhani ni wewe," alisema. "Halafu nikakuona umesimama mbele yangu, mdomo umefunga."

Sikutaka kusema ni mtu, wala sikutaka kusema ni kitu kingine. Niliandika kwenye daftari: mara ya kumi na mbili, amesimama.

Madam alifika baada ya alasiri, akavua viatu, akakaa sakafuni na nguo zake za kazini. Himid alitoka mapajani mwake akatambaa moja kwa moja mpaka kwenye mstari. Akasimama. Akatazama rafu tupu, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza maelezo marefu.

Madam alifungua mdomo kumwita.

"Zunguka kwanza," nilimwambia. "Shuka. Akuone uso."

Alizunguka, akapiga magoti mbele yake, akangoja. Himid hakugeuka. Alisikiliza tena kidogo, kisha akainyooshea rafu kiganja.

Tulikaa hivyo mpaka alipomtazama mama yake, na hapo Madam akasema "basi" kwa sauti ndogo sana, huku akilia.

Fundi hakuja siku ile. Ukanda wa pili ulibaki nusu, na tepu mpya niliiweka juu ya jokofu bila kuifungua. Katika daftari nilipiga mstari, nikaanza ukurasa mwingine, mpaka mpya: kutomwitikia asiyemwona. Chini yake niliandika siku ya kwanza, kesho, na nafasi ya idadi nikaiacha wazi.