Namba za Baba Pacha

Baba Pacha alikuwa mtu wa kushuku. Muuza maziwa akimchekea, anayapima maziwa upya. Mwaka huu fundi saa mwenzake wa ng'ambo ya barabara, hasimu wake wa miaka ishirini, alianza kumwamkia kwa heshima na kumuulizia hali, na Baba Pacha akakosa raha wiki nzima. Huyu ana jambo lake, alisema, na salamu hakuitikia.

Kwa hiyo mtu asishangae kusikia kwamba alipanda mlima mzima kwenda kugombana na wanasayansi.

Ugomvi ulitokana na nyota moja, ya zile zinazong'aa na kufifia. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitoa darubini yake uani, anailinganisha nyota hiyo na nyota jirani, kisha anatamka namba ya mwanga wake. Mkewe, Mama Pacha, mwenye mwandiko unaosomeka, anaandika na kupeleka posta. Kituo cha nyota kule mlimani kilikusanya namba za watazamaji wa kujitolea kama yeye na kuzichapa kila mwaka katika kijitabu, na majina yao pembeni. Jina lile ndilo lililokuwa fahari yake. Duka lilijikongoja, lakini jina lilikuwemo.

Kijitabu cha safari hii kilimchafua roho. Siku pacha wao walipomaliza chuo alitamka nane nukta tatu, anakumbuka kabisa. Kijitabu kilisema saba nukta sita.

"Wamezichezea namba zangu," alisema.

"Pengine umesahau," mkewe akasema, na akamsihi asiende. Alipoona haambiliki, akasema basi wataongozana. Hilo nalo Baba Pacha alilitilia shaka, maana Mama Pacha na vilima ni paka na maji.

Mtunza rekodi wa kituo, mwanamke kijana mwenye sweta nzito, aliwaingiza kwanza ndani ya kuba. Darubini ilikuwa kubwa kuliko nyumba yao. Baba Pacha alikuwa ameota kuiona maisha yake yote, lakini akajizuia. Danganya toto hii, alijiambia. Wanamlainisha.

"Nataka barua zangu," alisema.

Ofisini yule mwanamke akashusha faili. "Mzee, sisi hatubadilishi namba ya mtu. Zote hizi hapa."

Baba Pacha aliileta karatasi karibu na uso, akaisogeza mbali, akaipeleka dirishani. Saba nukta sita, kwa mwandiko wa mkewe.

"Na wewe ni kati ya watazamaji wetu bora," mtunza rekodi akaendelea. "Ila kuna kipindi namba zako zilianza kuyumba, leo juu, kesho chini. Tukakuandikia kwamba kama ni macho, itabidi tukutoe kwenye orodha. Mara zikatulia. Ulitibiwa wapi?"

Baba Pacha hakuwahi kuiona barua hiyo, wala hakuwahi kutibiwa. Akamgeukia mkewe polepole. Mama Pacha alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua.

"Ukiingia ndani, nabaki natazama mimi," akasema. "Naandika ninachokiona. Miaka yote hii nimekusikiliza, ningekosaje kujifunza? Wangekutoa, ungeugua."

Ilimuuma. Hasira zilimpanda, zikakuta hofu imeshawahi kiti. Akafumba jicho la kushoto, akaliangalia dirisha kwa la kulia, jicho la kazi, la kubania lenzi. Dirisha likawa ukungu mtupu. Na alikuwa anajua. Mwaka mzima alikuwa akiilaumu taa ya duka.

"Na saa je?" akauliza.

Mkewe akarudia kukunja mtandio.

"Mama Pacha. Saa za watu."

"Ukishafunga duka nazipitisha kwa yule wa ng'ambo. Anazirekebisha kabla wenyewe hawajazifuata. Anasema huo ni mtoto wa jicho, mama yake alipasuliwa akapona. Lakini akuambieje, na salamu yake huitikii?"

Mtunza rekodi alifungua droo akajifanya anatafuta kitu. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa orodha niifanyeje?"

Baba Pacha akairudisha karatasi kwenye faili. "Tangu namba zilipotulia, andika jina lake. Langu toa."

Walitoka nje kungoja gari la kuteremkia. Kwa mazoea tu, akanyoosha kidole juu ya kuba.

"Pale pana nini?"

"Ndege," mkewe akasema. "Mweusi. Amekaa."

Baba Pacha alitazama kwa jicho la kulia, asione kitu. Jicho la kushoto lilikuwa zima, na angeweza kuhakikisha. Akaliacha limefumba.

"Bado amekaa?" akauliza.

"Bado."