Nani Anabaki Juu

Edson alimwaga vitu vyote sebuleni: panga, chumvi, ndoana, sufuria moja nyeusi. Kiberiti akakirudisha jikoni.

"Moto tutapekecha," alimwambia mkewe. "Kama mababu. Hakuna hema, hakuna simu, hakuna mtu. Kisiwa kitupu."

Jilala, aliyechimba naye shimo moja la dhahabu hapo Nyarugusu, alicheka. "Shemeji, tukirudi utatukuta tumeota manyoya."

Scolastika hakucheka. Alikuwa akikunja shuka, na jambo moja lilikuwa limemkaa kooni tangu asubuhi. Hakuna mchimbaji anayeshuka shimoni bila mtu wa kubaki juu, kashika kamba. Kamba ikitikiswa, anavuta. Hata walevi wa machimboni wanaiheshimu sheria hiyo.

"Baba Loveness, huko nani anabaki juu?"

"Stanslaus, mwenye mtumbwi. Anatushusha Jumatano, anatufuata Jumapili."

"Na kisiwa chenyewe kinaitwaje?"

Wanaume wakatazamana. Scolastika aliujua mtazamo huo. Walitazamana hivyo hivyo walipopata mwamba wenye dhahabu, wakanyamaza nao hata kanisani.

"Mwamba ukishautaja, umeugawa," Edson alisema. "Nikikwambia wewe, utamwambia rafiki yako Rhoda, na kabla hatujawasha moto kijiji kizima kiko huko kinachoma sato."

"Huo si mwamba. Ni kisiwa."

"Ni yale yale, mama."

Scolastika akamfungia chumvi kwenye nailoni, akaifunga mara ya pili isije ikalowa. Wakaondoka. Simu ya Edson ilibaki juu ya kabati, kwenye chaji.

Jumamosi mchana iliita. Kwenye kioo: Stanslaus Mtumbwi.

"Edson yupo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, imekauka. "Mimi mke wa Stanslaus. Nawapigia rafiki zake. Jana kagongwa na gari, hakufika hospitali. Tunazika kesho."

Scolastika alikaa sakafuni. "Pole, dada. Pole sana. Samahani, dada. Jumatano alipeleka watu kisiwani. Alikwambia kisiwa gani?"

"Alisema ni siri ya wachimbaji. Akacheka."

"Alipotoka ufukweni, alielekea upande gani?"

Nyuma ya sauti ile watu walikuwa wakiimba nyimbo za msiba.

"Nilikuwa naanika dagaa, dada," mjane alisema. "Sikuinua kichwa."