Mkwe Alipotutembeza Manga

Mwaka wa 1971 sisi akina mama wa kanisa la Birongo tuliahidiwa safari ya Mara, tukaone simba. Tryphosa, mwenyekiti wetu, alikuwa ameshatutangazia mpaka nguo za kuvaa. Jumapili yenyewe ilipofika, dereva wa lori akasema mvua imeharibu barabara, kwa hiyo atatupeleka Manga tukaone ukingo wa mlima na pango la kale. Wenzangu walinuna. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, kwa kuwa pango hilo nilikuwa nimeahidi kulitembelea.

Aliyeniomba ni mama yangu, kabla hajafa. Alijificha humo na wanawake wengine wakati wa vita vya Wazungu, askari walipokuwa wakichoma vijiji, na humo alimziba mtoto mdomo ili wasisikike. Hakusema zaidi. Nilijua mtoto huyo ni mimi, kwani angekuwa nani mwingine? Naitwa Nyanchera, jina la mtoto aliyezaliwa njiani, na mama alikuwa njiani akikimbia. Shangazi yangu alizoea kubisha kwamba nilizaliwa nyumbani kando ya mafiga, msimu wa kuvuna wimbi, lakini siku hizo shangazi alikuwa akimwita hata paka kwa jina la marehemu mumewe. Sikumjali.

Tulipofika Manga, mtu aliyekuja kututembeza, kofia kichwani na fimbo mkononi, alikuwa Makori, mume wa binti yangu Kemuma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwetu mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala hawabishani mbele za watu. Sasa mkwe amesimama anasema tutazame hapa, nami nitazame wapi? Nilitazama mti. Akisogea kulia, nasogea kushoto, mpaka Tryphosa akaniuliza kama nimepoteza kitu. Makori naye, maskini, historia yote alikuwa akiusimulia mwamba.

Kuingia pangoni kulikuwa na jiwe refu la kushukia, na Makori alisimama chini akiwashika akina mama mikono mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika alirudisha mkono wake, nami nikarudisha wangu. Sikujua nimkasirikie au nimshukuru. Magoti yangu hayakuweza kushuka yenyewe, na nilijua sitapanda mlima ule tena maishani. Nikabaki juu kama mbuzi aliyefungwa kambani, ahadi ya mama iko pale chini naiona.

Nikamsikia akiwaeleza wenzangu. Alisema hadithi hiyo alipewa na bibi yake, aliyekuwa humo siku ile. Askari walikuwa wakipita juu, mtoto mchanga akaanza kulia, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Askari walipokwenda zao, mama akaondoa mkono. Mtoto alikuwa amekufa.

Nilichukia. Mtoto mwenyewe niko hapa, nimekula ndizi asubuhi, na mkwe ananiua mbele ya kanisa zima! Lakini mama mkwe hamsahihishi mkwe. Nikamwita Tryphosa nikamwambia amuulize mtoto huyo alikuwa wa nani. Alishangaa, maana Makori alikuwa karibu nami kuliko yeye, ila akauliza.

Makori aligeukia ukuta wa pango. "Mwambie, bibi yangu alisema ni wa mke wa Momanyi," akajibu. "Alizaliwa njiani wakikimbia. Walimzika humu humu."

Momanyi ni baba yangu. Sauti ya Makori ilififia mwishoni, nadhani ndipo naye alipong'amua ni Momanyi yupi.

Kama mtoto wa njiani alikufa, mimi ni nani? Kwetu jina la marehemu halitupwi, hupewa mtoto anayefuata. Basi shangazi alisema kweli, nami nilizaliwa baadaye, kando ya mafiga. Hata umri niliouandikisha kanisani si wangu. Nikajaribu kumkumbuka mama akiniambia ninyamaze, walau mara moja, nisikumbuke. Nilipolia utotoni majirani walilalamika, lakini yeye aliacha kazi akakaa kunitazama mpaka nimalize. Nilidhani ananidekeza.

Nilikaa juu ya lile jiwe na gauni langu la kanisani, nikaanza kuteleza. Akina mama wakapiga kelele. Makori akanigeuzia mgongo, kama inavyopasa, na bila kuangalia nyuma akaikita fimbo yake chini ya jiwe nipate pa kukanyaga. Nikafika chini.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya popo. Sikujua walimlaza upande gani, kwa hiyo nilisimama katikati.

"Nyanchera," nikaita.

Tryphosa akaniambia taratibu kwamba Nyanchera ni mimi. Nilitaka kumweleza. Nikaanza kulia, kwa sauti ya kitoto ambayo sikujua bado ninayo, na pango likairudisha. Tryphosa akanishika bega, akanibembeleza ninyamaze, watu wananitazama.

Makori, akiwa bado amenipa mgongo, akasema, "Mwacheni mama alie."

Nikalia mpaka nikamaliza.