Pedi za Jumapili

Mkaguzi wa mizani alifika gereji Jumamosi saa nne asubuhi, amekumbatia diski mbili za breki zilizofungwa kwenye gazeti. Aliziweka juu ya meza ya kazi akalifungua gazeti taratibu. Zilikuwa mpya, zinang'aa, zimetobolewa matundu kama chujio la chai. Mwenye gereji, ambaye ni dada mkubwa wa marehemu mke wake, alizitazama bila kuzigusa.

"Haya madude umeyanunua wapi, shemeji?"

"Duka la urembo wa magari."

"Urembo, ndiyo. Na hilo gari linaolewa lini?"

Alizifunga hivyo hivyo. Mteja akishashikilia lake, fundi hushika spana. Ila alimwambia mapema kwamba matundu yale hupoza diski haraka, na kwamba yeye mkaguzi, kwa shida aliyokuwa nayo, hakuhitaji kupozwa.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kila Jumapili alasiri mkaguzi huteremka barabara ya mlimani kwa kasi. Kuna kona kumi na moja. Akizichukua kwa kuchelewa kukanyaga, breki hupata moto, na moto ukishatosha, kwenye kona ya saba hivi, mkewe huwa ameketi kiti cha abiria. Huja na gauni la kijani alilotoka nalo nyumbani siku ya mwisho, mkoba mapajani, kiatu mguu mmoja. Breki zikipoa, huondoka. Imekuwa hivyo mwaka mmoja na nusu sasa, na mtaa mzima unajua. Jirani wa mkono wa kulia humtumia salamu. Askari wa barabarani aliwahi kuwasimamisha akataka mama afunge mkanda. Mkaguzi alipomwambia kwamba mama ni marehemu, askari alijibu kwamba sheria haijasema abiria wa aina gani, na mama akafunga mkanda.

Kwa hiyo kuja alikuwa anakuja. Kasoro ilikuwa pedi. Pedi za kawaida zikipata moto mkali huchoka: mguu unazama, gari halisimami, na dereva mwenye akili hana budi kupunguza mwendo. Akipunguza, diski hupoa. Na mke wa mkaguzi hakuwa mtu wa kuanza na jambo lenyewe. Tangu uhai wake alikuwa wa kuzunguka zunguka, aulize kwanza gesi imebaki kiasi gani, nani analisha kuku wa jirani, mbona vumbi limejaa mbele ya usukani namna hii. Ndipo ageuke na kusema, "Hivi, Jumatatu ile, wewe ulikuwa..." Pedi zinachoka hapo hapo. Kiti kinabaki kitupu.

Kila wiki ni maneno yale yale, na kila wiki yanakatika pale pale.

Mkaguzi akirudi nyumbani huosha kikombe kimoja na sahani moja, kisha hukaa mezani akaimalizia ile sentensi. Ulikuwa unataka nikuletee nini? Ulikuwa umeota nini usiku ule, maana uliongea usingizini? Ulikuwa unanipenda bado? Hii ya mwisho aliipenda kuliko zote. Kazini kwake hupita duka kwa duka kuhakikisha kilo ni kilo, na jioni hana mtu hata wa kumwambia kwamba leo miguu inamuuma. Alichotaka duniani ni kusikia sentensi ile hadi nukta yake.

Diski za matundu zilimharibia kabisa. Jumapili ile, kona ya saba, aliletewa mkoba tu. Kona ya tisa ukaongezeka mkono ulioushika. Bondeni vyote vikaondoka.

Jumatatu alirudi gereji kichwa chini.

"Nilisema mimi," alisema shemeji yake. "Asiyesikia la mkuu..." Hakuimaliza, ilikuwa inajulikana. "Kaa hapo. Sasa tuchague kama watu wazima."

Mkaguzi alitaja pedi za magari ya mashindano, amezisoma mahali.

"Thubutu! Hizo zikiwa baridi hazikamati kitu. Kona ya kwanza hujazipasha, unakwenda moja kwa moja. Yeye hatakuja kwako, wewe ndiye utamfuata. Na mimi nimeshazika, imetosha."

Akamwekea mezani diski nene, nzito, zenye mifereji michache ya kufuta vumbi la pedi na hakuna tundu hata moja. Uzito ndio unaoshika moto, alieleza, kama sufuria nzito inavyoendelea kuchemka umeshaipua. Juu yake akaweka pedi za kati: zinakamata tangu asubuhi zikiwa baridi, na hazichoki zikiiva. Akabadilisha na mafuta ya breki, kwa sababu mafuta ya zamani hunywa maji, na maji yakichemka mguu unakanyaga hewa. Mkaguzi alimshikia taa.

Nyuma ya taa, ukutani, palikuwa na misumari. Shemeji ana desturi yake: kila pedi anayoitoa huiandika siku kwa chaki, akaitundika, ili mteja mbishi aonyeshwe alivyokuwa anatembea na roho mkononi. Kwenye msumari wa mwisho zilining'inia pedi mbili zilizoisha hadi kwenye bati, zimeandikwa JUMATATU. Alizitoa mwenyewe kwenye gari hili hili, kabla halijanyooshwa. Msumari huo huo ulibeba kiatu cha kike cha mguu wa kulia, ambacho kilikutwa kimebanwa chini ya kanyagio.

Jumamosi iliyotangulia Jumatatu ile ya ajali, shemeji alikuwa ameivua tairi, akamwonyesha mkaguzi pedi zilizobaki unene wa ukucha. Mpya zinafika Jumanne, alimwambia, lipaki, usimpe mtu. Mkaguzi aliitikia. Jumapili akateremka nalo mlimani, ingawa alikuwa amemwapia mkewe kwamba mbio ameacha. Jumatatu asubuhi, akiwa bafuni, alisikia funguo zikiokotwa mezani. Mkewe alikuwa anakwenda kuchukua cherehani yake iliyokuwa kwa fundi. Kumzuia kungemlazimu kueleza ya Jumapili. Aliendelea kunyoa ndevu. Gari likawaka, likaondoka.

Matangani hakuna aliyeuliza. Shemeji naye hakuuliza. Alitundika tu.

"Sasa zizoeshe," alimwambia akishusha jeki. "Toka mwendo wa themanini hadi ishirini, mara kumi, bila kusimama. Ukimaliza usiache mguu juu ya breki, utaziachia doa. Na kiatu chake mchukulie, kila mara nakwambia."

"Jumapili ijayo, shemeji."

Jumapili alasiri jua lilikuwa kali na barabara nyeupe. Kona ya sita mkewe alikuwa ameshafika, mzima, na mkanda amefunga.

"Gesi?" aliuliza.

"Ipo nusu."

Aliuliza kuku. Aliandika jina lake kwa kidole kwenye vumbi la mbele. Kona ya nane mkaguzi alikanyaga, gari likainama, breki zikashika. Ya tisa zikashika. Moyo wake ulikuwa unamwenda mbio kama wa bwana harusi.

"Hivi," alisema mkewe akimgeukia, "Jumatatu ile, wewe ulikuwa unajua kama breki zimekwisha?"

Mkaguzi alibadilisha gia.

"Hapana," alisema. "Sikujua."

"Haya," alisema mkewe. "Nilikuwa nauliza tu."

Walizipita kona mbili zilizobaki. Bondeni diski zilikuwa nzito na bado za moto, hivyo mkewe hakuondoka. Alikaa na mkoba wake hadi daraja, hadi shule, hadi kituo cha mafuta, akitazama nje. Zilikuwa dakika kumi na sita. Kwa mwaka na nusu mkaguzi alikuwa hajapata hata mbili, na hakupata neno la kuzijazia.

Jumapili iliyofuata mkewe alikuja tena, akauliza gesi, akauliza kuku, akauliza lile, kana kwamba hajawahi kujibiwa. Na iliyofuata.

Mwezi wa tatu tangu pedi zifungwe alipeleka gari kukaguliwa. Shemeji alivua tairi akachungulia.

"Anamaliza siku hizi?"

"Anamaliza."

"Anasema nini?"

Mkaguzi alitazama ukutani, halafu akatazama viatu vyake.

"Anauliza hali za watu."

Shemeji alifuta mikono kwa kitambaa. Machozi yalimlenga, akayafuta na kitambaa kile kile, akajipaka grisi shavuni. Halafu akarudisha tairi na kukaza nati moja moja.

"Pedi nzuri hizi," alisema. "Hazijafika hata nusu. Zitakufikisha mwakani, na nyingine ninazo."

Kiatu kilibaki msumarini. Jumapili, kona ya tisa, mkewe alimgeukia akauliza.

"Sikujua," alijibu mkaguzi akakanyaga, na breki zikashika vizuri kabisa.