Sikio la Kiwandani

Miaka kumi na tisa nimegonga nguzo za grafaiti kwa nyundo ya mbao na kusikiliza. Nguzo nzima hulia kama kengele. Yenye ufa ndani hutoa mlio mfu, kama gogo bichi. Ililetwa mashine ya kupimia, ikaharibika, wakarudi kwangu. Wakaniita Mama Sikio.

Mume wangu ndiye fundi wa tanuri. Mabaki magumu ya mafuta ghafi, yaliyo kama mkaa, husagwa, huchanganywa na lami, hufinyangwa kuwa nguzo nene na kuokwa. Kisha hufukiwa tanurini na kupitishiwa umeme mkali mpaka ule mkaa mgumu ugeuke grafaiti: laini, yenye kuteleza, inayopitisha umeme na isiyoyeyuka. Viwanda vya chuma huzinunua na kuzining'iniza juu ya vyuma chakavu ili kuviyeyusha kwa umeme. Lakini umeme ukishakatwa, tanuri letu lazima lipoe wiki mbili. Ukifukua mapema, hewa huila grafaiti ingali moto, na baridi ya ghafla huipasua kwa ndani. Hayo alinifundisha mume wangu kabla hatujaoana. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mapenzi, maskini.

Meneja mpya, tuliyembandika jina la Bwana Haraka, akataka tanuri lifukuliwe siku ya tisa. Mume wangu alikuwa anangojea cheo cha msimamizi. Akasema, "Ndiyo, bosi."

Jumatatu nguzo zikapangwa mbele yangu. Nikagonga ya kwanza: mfu. Ya pili, mfu. Mpaka ya kumi na mbili, kila mlio ulikuwa unamsema mume wangu.

"Vipi, Mama Sikio?" Bwana Haraka akauliza.

Mume wangu alinikazia macho. Nilijua anachoomba. Lakini nguzo ikikatika juu ya chuma kilichoyeyuka, kuna watu wamesimama pale, nao wana wake zao.

"Hazifai," nikasema. "Zote zimepasuka ndani. Zilifukuliwa mapema."

"Eti, fundi?"

Mume wangu akajifuta uso kwa kiganja, akazidi kujipaka weusi. "Nisamehe, bosi, haya ni mambo ya nyumbani. Mke wangu masikio yamekwisha. Mwaka wa pili huu. Namwita jikoni, haitiki. Tulikuwa tunaficha."

Nikapiga kelele kwamba ni uongo. Wenzangu wakatazamana kwa huruma. Walidhani viziwi ndivyo wanavyoongea. Hakuna aliyegonga nguzo hata moja kuhakikisha. Nikapewa ufagio, na nguzo zikapakiwa kwenye lori mchana uleule.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zenyewe nilikuwa nazifua kwa mikono yangu. Nilimchukia siku ile, nasema wazi.

Jioni alirudi na ovaroli mpya ya msimamizi, bado ina mikunjo ya dukani. Nilikuwa nimempa mgongo, nasugua sufuria. Akasimama mlangoni.

"Mama watoto," akanong'ona, polepole kabisa. "Nimekukosea. Nisamehe."

Nilisikia kila neno. Nilisikia hata mate aliyoyameza. Nikaendelea kusugua.

Akarudia kwa sauti zaidi, kisha akanigusa bega. Nikageuka, nikamwonyesha sikio langu kwa kidole chenye povu, nikatikisa kichwa.