Filamu ya Mlango wa Nyuma

Itangazwe kwa mataifa yote kwamba Nyumba ya Mtaa wa Birch, udugu wa wanachuo wenye umri wa miaka mia moja na sita, imetoa filamu kubwa ya kupinga uonevu dhidi ya njuka, wale wanachuo wageni. Kamera ilikuwa ya kuazima maktaba, na ilitakiwa irudi Jumatatu.

Filamu yenyewe ilikuwa adhabu. Januari iliyotangulia, njuka mmoja aliyeomba kuingia, Curtis Dahl, alikufa kwa baridi kwenye kibaraza cha nyuma wakati wa sherehe, amevaa fulana na soksi. Mkuu wa Wanafunzi, Bi. Halvorsen, akasema nyumba haitapokea njuka tena mpaka aone mchezo wenye mafunzo. Basi mwenyekiti, Nolan, akaandika skripti: Curtis anatoka mwenyewe, anasahau ufunguo, anasinzia. Hagongi mlango.

Saa tisa alasiri Curtis alikuja kuigiza nafasi yake. Alikuwa na barafu kwenye kope.

"Umechelewa, njuka," Nolan alisema.

"Nimekuja kwa miguu."

Kwa kuwa alikufa kabla ya kuapishwa, bado alikuwa njuka; walimbebesha taa.

Merritt, mshika kinasa sauti, alikaa ndani nyuma ya mlango. Kwa mujibu wa skripti, siku ile ya msiba Merritt alikuwa ghorofani na mafua, amelala fofofo. Kabla kamera haijawashwa aliandika kwenye karatasi yake ya kazi: mlango, mara 41.

Curtis akatoka. Mlango ukafungwa. Akagonga.

"Kata! Curtis, wewe hukugonga bwana."

"Niligonga."

"Skripti inasema ulisinzia."

"Nitasinzia. Ngoja nimalize kugonga."

Walirudia mara kumi na mbili. Kila mara aligonga mara arobaini na moja, ya mwisho kwa kiwiko, kisha akasinzia vizuri kabisa. Nolan alizunguka jikoni akitafuna kamba ya kofia yake.

"Tutafuta sauti," akasema hatimaye. "Merritt, weka muziki."

Merritt akafuta. Mlango ukaendelea kugongwa. Akaweka muziki wa sherehe ile ile, kwa nguvu ile ile. Mlango ukagongwa juu yake.

Bi. Halvorsen aliitazama filamu ofisini huku akinywa supu, mguu wake ukifuata mapigo ya mlango. "Ngoma mmeipatia," akasema, akatia sahihi.

Njuka wapya wameingia. Kila Jumatano husimamishwa kibarazani na fulana, kando ya Curtis, ambaye hakuona sababu ya kuondoka. Zamu ya kumpangusa theluji imebandikwa kwenye friji.

Juzi njuka aitwaye Pete Voss, akifagia chumba cha Merritt, aliokota ile karatasi.

"Kaka, hapa umeandika saa nane na dakika hamsini. Si mlianza saa tisa? Arobaini na moja uliijuaje?"

Merritt alimwambia afagie na uvunguni.

Haya, nimeshikwa. Merritt ni mimi. Sikuwa na mafua. Nilikaa pale pale, mgongo mlangoni, ufunguo mfukoni, na muziki niliuongeza mimi. Nolan alisema nifungue hodi zikifika hamsini. Nilikuwa nasubiri ya arobaini na mbili.